SOMO LA ROBO HII: CHAI IKIMWAGIKA KWENYE KOMPYUTA YA USHARIKA

Walengwa: Kamati za sharika, makatibu, wahazini, na marafiki wanaotuunga mkono.

Lengo: Baada ya somo hili, kila kamati iweze kueleza hatua za kuokoa kompyuta iliyomwagikiwa kimiminika, na iwe imeazimia namna ya kulinda kumbukumbu zake kabla ajali haijatokea.

UTANGULIZI

Mkoa wetu wa Katavi ulipotengwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012, sharika zetu nyingi zilikuwa bado zinaandika kumbukumbu zao katika madaftari makubwa. Leo hali imebadilika. Kompyuta mpakato moja, au laptopu kama wengi tunavyoiita, hubeba orodha ya washarika, ahadi na sadaka, marejesho ya vikundi vya kuweka na kukopa, majina ya watoto wanaosaidiwa ada, picha za visima, na taarifa ya robo mwaka inayosubiriwa na wafadhili.

Kompyuta hiyo hukaa juu ya meza ileile ambayo wazee wa kanisa hukutania, na juu ya meza hiyo kuna chupa ya chai. Hatuwezi kuwaambia watu wetu waache kumkaribisha mgeni kwa chai. Aidha, kuanzia Novemba hadi Aprili mvua hupiga mabati yetu, na bati lililolegea hudondosha maji bila kuchagua mahali. Hivyo basi, suala la kompyuta kulowa si la kushangaza. Ni jambo la kutarajiwa, na linalotarajiwa huandaliwa.

Tunapenda kusisitiza jambo moja katika somo hili. Mara nyingi kinachoua kompyuta iliyolowa si maji peke yake. Ni umeme unaoendelea kupita ndani yake ikiwa imelowa, na ni hofu inayomfanya aliyemwaga anyamaze. Kamati inayoelewa mambo haya mawili ina nafasi nzuri ya kuokoa kifaa chake, na nafasi nzuri zaidi ya kuokoa kumbukumbu zake.

1. KWA NINI KIMIMINIKA HUHARIBU KOMPYUTA

Maji safi kabisa hayapitishi umeme kwa urahisi. Lakini maji tunayotumia si safi kwa maana hiyo. Maji ya kisima yana madini na chumvichumvi. Chai ina sukari na maziwa. Soda ina sukari na tindikali. Vitu hivi ndivyo vinavyoupa umeme njia pale ambapo haukutakiwa kupita.

Ndani ya kompyuta kuna bodi yenye njia nyembamba sana za shaba, zilizo karibu karibu. Kimiminika kikiziunganisha njia mbili huku umeme ukiwapo, mambo mawili hutokea. La kwanza ni shoti, ambayo inaweza kuunguza kifaa mara moja. La pili huenda polepole: umeme ukipita katika kimiminika, shaba huanza kulika na kuota kutu ya kijani au nyeupe. Ndiyo maana kompyuta inaweza kuonekana imepona, ikafanya kazi wiki mbili, kisha ikazima isiwake tena.

Tukiondoa umeme, madhara hayo hupungua sana. Hatua zote zinazofuata zinasimama juu ya jambo hilo.

2. DAKIKA YA KWANZA

Usisubiri kuhifadhi kazi uliyokuwa ukiiandika. Ukurasa mmoja unaweza kuandikwa upya. Fuata hatua hizi kwa mpangilio:

(a) Angalia usalama wa watu kwanza. Kompyuta yenyewe hutumia volti chache, kwa kawaida kama 19 au 20, lakini soketi na waya wa kurefushia umeme vina volti 230. Ikiwa soketi, waya huo au chaja vimelowa, au wewe mwenyewe una mikono iliyolowa au umesimama kwenye maji, usiguse. Zima umeme kwenye swichi kuu kwanza, au zima jenereta.

(b) Zima soketi, kisha chomoa chaja.

(c) Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie, hata kwa sekunde 10, mpaka skrini na taa zote zizimike. Usiizime kwa njia ya kawaida ya kusubiri programu zijifunge.

(d) Ikiwa betri ni ya kutoa kwa mkono, itoe. Kompyuta nyingi za siku hizi zina betri iliyofungwa ndani kwa skrubu. Hiyo mwachie fundi.

(e) Chomoa kila kilichochomekwa: flashi, kipanya, modemu, waya wa printa.

(f) Fungua kompyuta na uigeuze kichwa chini, isimame mezani kama paa la nyumba, vibonye vikitazama chini. Tandika chini yake kanga kuukuu au taulo safi. Kimiminika kilichoingia kupitia kibodi kitoke kwa njia ileile, badala ya kuendelea kushuka kwenye bodi.

(g) Kausha sehemu zinazoonekana kwa kitambaa kinachonyonya maji. Gandamiza kitambaa, usisugue. Usiitikise kompyuta, maana kutikisa hupeleka maji mahali ambapo hayakuwa yamefika.

(h) Andika kwenye karatasi: saa iliyomwagikiwa, kimiminika gani, kiasi gani, na ilikuwa imewashwa au imezimwa. Fundi atahitaji maelezo haya.

Angalizo: Ukiona moshi, ukisikia sauti ya kuchemka, au betri ikiwa ya moto au imevimba, usijaribu kuitoa. Watoe watu chumbani. Ikiwa inawezekana kuibeba kompyuta bila hatari, ipeleke nje mbali na vitu vinavyoshika moto. Kama si salama, iache.

3. MAMBO YA KUEPUKA

Wapo wanaotoa ushauri kwa nia njema ambao kwa kweli huongeza madhara.

Usiiwashe ili kujaribu kama imepona. Kosa hili ndilo linaloharibu kompyuta nyingi kuliko mengine yote. Kuiwasha ni kuurudisha umeme juu ya bodi iliyolowa.

Usiifukie katika mchele. Tunajua mkoa wetu hauna shida ya mchele, lakini mchele hauvuti maji yaliyo ndani ya kompyuta kuliko hewa ya kawaida inavyofanya. Unachoongeza ni vumbi na wanga, na punje inaweza kuingia kwenye matundu.

Usiianike juani, wala usiiweke karibu na jiko la mkaa. Jua letu la Septemba na Oktoba ni kali. Joto huharibu betri, hupinda plastiki, na huigandisha sukari ya chai juu ya bodi. Kivuli chenye hewa inayopita, au feni ya kawaida, vinatosha.

Usitumie mashine ya kukaushia nywele yenye hewa ya moto, kwa sababu hizohizo.

Usiifunge ndani ya mfuko wa plastiki. Unyevu hubaki ndani na kutu huendelea.

4. SIKU MBILI ZINAZOFUATA, NA FUNDI

Ikiwa ni maji matupu na machache, kompyuta iachwe imezimwa kwa muda usiopungua saa 48. Wakati wa masika, hewa ikiwa na unyevu mwingi, siku tatu au zaidi ni bora. Hata hivyo, kukauka si sawa na kusafishika. Maji hukauka yakaacha madini yake, na chai hukauka ikaacha sukari na maziwa. Kwa hiyo kwa chai, uji, juisi, soda au maji ya chumvi, tunashauri kompyuta ifike kwa fundi mapema iwezekanavyo, ikiwa bado haijawashwa. Kwa maji mengi pia ni hivyo.

Tunaelewa kwamba kwa usharika ulioko Karema, Mishamo au Inyonga, safari ya kwenda mjini Mpanda si jambo la saa moja. Kuchelewa siku moja au mbili kunavumilika ikiwa kompyuta haina umeme ndani yake. Isafirishwe ikiwa imefungwa kwa kitambaa kikavu, ikae wima ndani ya mkoba, na isiwekwe chini ya mizigo.

Fundi mzuri hujulikana kwa majibu yake. Kamati imuulize maswali haya kabla ya kumkabidhi kifaa:

Je, utaifungua kabla ya kuiwasha? Jibu linalotakiwa ni ndiyo.

Utaisafisha kwa kitu gani? Mafundi wengi hutumia alkoholi ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi, kwa sababu hukauka haraka na huacha mabaki machache sana. Petroli na mafuta ya taa havifai.

Je, kifaa cha kuhifadhia kumbukumbu kinatoka? Katika kompyuta nyingi hutoka, na fundi anaweza kukichomeka kwenye kompyuta nyingine akanakili mafaili hata kama bodi imekufa. Katika baadhi ya kompyuta nyembamba za kisasa, kifaa hicho kimeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, na kuokoa kumbukumbu huwa kazi ngumu zaidi. Ni vizuri kamati ijue mapema kompyuta yake ni ya aina ipi.

Gharama ni kiasi gani? Makubaliano yaandikwe, pamoja na namba ya utambulisho ya kompyuta iliyo chini yake.

Tukumbuke pia kwamba kilichoharibika huenda ni kibodi peke yake. Katika hali hiyo, kibodi ya nje ya kuchomeka inaweza kuendeleza kazi wakati kamati inatafuta nyingine. Si kila kompyuta iliyomwagikiwa ni ya kutupa, na si kila fundi anayesema nunua mpya amekwisha kuifungua.

Kuhusu dhamana ya kiwanda, kamati zisitegemee sana. Kwa kawaida dhamana haihusishi madhara ya kimiminika, na watengenezaji wengi hubandika ndani vijikaratasi ambavyo hubadilika rangi vikilowa.

5. HOFU HUHARIBU ZAIDI YA CHAI

Sasa tuje kwenye jambo ambalo fundi hawezi kulitengeneza.

Tuchukue mfano. Katibu kijana wa usharika anamwaga chai kwenye kompyuta iliyotolewa na marafiki kutoka nje. Yuko peke yake ofisini. Anajua kwamba akisema, kikao kitaitishwa, atatajwa mbele ya wazee, na huenda akadaiwa fedha ambazo hana. Hivyo anaifuta juu juu, anaianika dirishani, na jioni anaiwasha kuona kama itawaka. Inawaka. Anamshukuru Mungu na kunyamaza. Baada ya wiki tatu inazima, na taarifa zote za mwaka zinazima nayo. Hakuna anayejua sababu, na watu wanaanza kumshuku mhazini.

Tazameni kilichotokea. Chai ilikuwa ajali ya sekunde moja. Hofu ndiyo iliyoiwasha kompyuta ikiwa imelowa, na ndiyo iliyozaa mashaka kati ya viongozi. Kama katibu huyo angekuwa na uhakika kwamba akisema atasaidiwa, kompyuta ingezimwa, ingefunguliwa na kusafishwa, na huenda ingekuwa inafanya kazi mpaka leo.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kila kamati ipitishe kanuni ya saa ya kwanza: mtu yeyote akimwagikiwa na kimiminika kwenye kifaa cha usharika na akatoa taarifa saa hiyohiyo, halipishwi na hatangazwi. Mazungumzo kuhusu uangalifu yafanyike baadaye, kwa upole. Wapo watakaosema kanuni hii inalea uzembe. Sisi tunaona kwamba kompyuta hailowi kidogo kwa sababu watu wanaogopa. Hulowa vilevile, ila tunachelewa kujua.

Mfano wa talanta katika Mathayo 25 unatufundisha kuhusu uwakili wa mali tuliyokabidhiwa. Mmoja wa watumwa wale alifukia alichopewa ardhini, na sababu aliyoitoa mwenyewe ilikuwa hofu. Kamati inayotawala kwa vitisho isishangae kukuta vingi vimefukiwa.

6. KUMBUKUMBU NI ZA WATU

Kompyuta inaweza kununuliwa nyingine. Orodha ya akina mama 30 na akiba ya kila mmoja kwa miaka minne hainunuliwi dukani.

Sisi wa Katavi tunajua thamani ya jina kuandikwa. Katika miaka ya 1970 makazi ya Katumba na Mishamo yaliwapokea wakimbizi kutoka Burundi waliokimbia machafuko ya mwaka 1972. Shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 kwa msaada wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lilihudumu katika makazi hayo. Mwaka 2010 Serikali ya Tanzania ilikubali kuwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo, wakiwamo wa makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, na vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014. Kati ya kukubaliwa na kushika cheti kulikuwa na miaka minne. Familia zilizosubiri miaka hiyo zinaelewa maana ya jina lako kuonekana katika orodha, au kutoonekana.

Kwa hiyo tunaziasa kamati zote zifuate utaratibu wa nakala tatu. Nakala ya kwanza ni ile iliyo ndani ya kompyuta. Ya pili iwe kwenye diski ya nje au flashi, inayotunzwa na kiongozi mwingine katika jengo lingine. Flashi inayokaa ndani ya mkoba mmoja na kompyuta haihesabiki, kwa kuwa mvua itakayolowesha kimoja italowesha na kingine. Ya tatu iwe mbali: kwenye hifadhi ya mtandaoni, au itumwe kwa barua pepe ofisi ya jimbo au dayosisi. Mtandao ukiwa dhaifu, anzeni na mafaili madogo ya hesabu. Picha zinaweza kusubiri.

Mhazini anakili kila wiki, na mara moja kwa mwezi mtu mwingine afungue nakala ile aone kama inasomeka. Nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Aidha, orodha muhimu zichapishwe kwenye karatasi kila robo mwaka na kufungwa kabatini. Daftari la zamani lilikuwa na hekima yake: chai ikimwagika juu yake, ukurasa mmoja ulichafuka, mingine ikabaki.

Pia tukumbuke siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kompyuta yenye majina ya watoto na taarifa za afya isiachwe kwa fundi bila makubaliano. Ikiwezekana, mjumbe wa kamati awepo wakati wa kunakili, na flashi za nakala zilindwe kwa nywila.

7. NENO KWA MARAFIKI NA WAFADHILI

Tunawashukuru kwa vifaa mlivyotupatia. Tunaomba mtusaidie katika mambo mawili. Kwanza, bajeti ya kompyuta ihusishe pia diski ya nje, kibodi ya kuchomeka, na fungu dogo la matengenezo. Gharama zake ni ndogo zikilinganishwa na kompyuta yenyewe, lakini mara nyingi hukatwa wakati wa kupunguza bajeti. Pili, usharika unapowaandikia kwamba kompyuta imelowa na taarifa itachelewa kwa wiki mbili, pokeeni barua hiyo kama dalili ya uaminifu. Usharika unaoogopa kuwaandikia hilo utaogopa kuwaandikia na mambo makubwa zaidi.

8. MAAZIMIO TUNAYOPENDEKEZA

(i) Vinywaji vikae kwenye meza nyingine, au kwenye kigoda kilicho chini ya usawa wa kompyuta. Mgeni anywe chai yake kwa amani.

(ii) Kompyuta isiachwe mezani usiku wakati wa masika. Iwekwe kwenye mkoba, ndani ya kabati, mbali na mahali panapovuja.

(iii) Hatua za dakika ya kwanza ziandikwe kwenye karatasi moja na kubandikwa ukutani, karibu na swichi.

(iv) Kanuni ya saa ya kwanza iingizwe kwenye muhtasari wa kikao.

(v) Atajwe kwa jina mtu anayetunza nakala ya pili, na tarehe ya kuikagua.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Kompyuta yetu ikizima usiku huu isiwake tena, ni kumbukumbu zipi tutakuwa tumezipoteza kabisa?

2. Nakala yetu ya mwisho ilifanyika lini, na iko mikononi mwa nani?

3. Je, kijana anayetusaidia kuandika anaweza kutuambia siku hiyohiyo kwamba amemwaga chai? Kama hawezi, ni kitu gani katika namna tunavyoongoza kinachomzuia?

4. Nani miongoni mwetu anaweza kuonyesha sasa hivi, kwa vitendo, jinsi ya kuizima kompyuta kwa kushikilia kitufe?

Tunashauri swali la nne lijibiwe kwa kufanya mazoezi papo hapo, kompyuta ikiwa kavu na kazi zote zikiwa zimehifadhiwa. Kila mjumbe ajaribu, na wazee pia. Ajali ikitokea, hakuna atakayekuwa na muda wa kutafuta jarida hili.

Mungu awabariki katika utumishi wenu.